Daudi Zakayo Kivuli: Mtu Aliyezipeleka Nyimbo Barabarani



Wengi mlitarajia ukurasa huu wa jubilei uwe wa mmishenari fulani wa zamani, au wa mtunzi wa zile tenzi tunazoimba kila Jumapili. Kamati imeamua tofauti. Imemchagua mtu ambaye hakuwa wa dhehebu letu, na ambaye watu wake tunawajua kwa sauti kabla ya kuwajua kwa jina. Ni wale wenye kanzu nyeupe na vilemba ambao Jumapili hupita katika mitaa ya Kibera na Kawangware kwa mstari mrefu, bendera mbele, ngoma katikati, watoto wakikimbia pembeni. Wapo wanaowachanganya na Wakorino, wengine na watu wa Legio Maria. Hapana, hao ni wengine. Hawa ni wa African Israel Nineveh Church, ambao mtaani tunawaita kwa kifupi watu wa Israeli, na aliyelianzisha kanisa lao ni Mzee Daudi Zakayo Kivuli wa Nyang'ori, aliyefariki mwaka wa 1974.

Sababu ya kumchagua ni hii. Katika mikutano ya kuandaa sherehe hii kulikuwa na mjadala ambao haukuisha. Je, kazi ya kwaya ni kuimba, na kazi ya kusaidia watu ni ya mashemasi na idara ya akina mama? Au ni kazi moja? Kuna waliosema, na kwa haki, kwamba sauti ya tatu haiwezi kushika wimbo mpya ikiwa kila Ijumaa ya mazoezi iko kwenye matanga. Kuna waliojibu kwamba kwaya isiyofika kwenye matanga haina haja ya wimbo mpya. Mzee Kivuli hakuacha kitabu cha kujibu swali hilo. Jibu lake lipo katika namna alivyoishi, na ndiyo maana tunasimulia maisha yake.

Alizaliwa mwaka wa 1896 huko Nyang'ori, kwenye vilima vilivyo juu ya Kisumu kwa njia ya kwenda Kakamega. Mwaka huo huo ujenzi wa reli ulianza Mombasa, na kufikia mwisho wa 1901 ilikuwa imegusa ziwa. Mtoto aliyezaliwa pale wakati ule alikua akiona mambo mengi yakija kwa pamoja: serikali, kodi ya nyumba, duka la Mhindi, shule na misheni. Tena Nyang'ori si mahali pa kabila moja. Ni mpakani. Waluhya, Waluo na Waterik wanapakana kwa mashamba na kwa ndoa, na mtu wa pale huzoea tangu utotoni kusalimia kwa lugha zaidi ya moja. Wale wanaotoka pande hizo, ambao katika kanisa letu ni wengi, wanajua nisemalo.

Misheni ya Nyang'ori ilianzishwa na Wamarekani kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza. Mwaka wa 1924 ikaingia mikononi mwa Wapentekoste wa Kanada, chini ya Otto Keller na mkewe Marian. Kutoka kituo hicho ndiko lilikotoka kanisa la PAG, ambalo babu na nyanya za baadhi yetu walibatizwa humo. Kivuli alijiunga na misheni hiyo katika miaka ya 1920, akapata elimu iliyokuwa ikipatikana, na kuanzia 1925 akawa msimamizi wa shule za misheni.

Hapa inafaa tusimame kidogo, kwa sababu watu huruka haraka hadi kwenye maono na miujiza. Shule za misheni za wakati ule nyingi zilikuwa vibanda vya nyasi. Mwalimu alikuwa kijana aliyesoma miaka michache tu, ubao ulikuwa mmoja, na kengele ilikuwa kipande cha chuma. Msimamizi alizifikia kwa miguu au kwa baiskeli. Alilala kwa watu. Alijua nyumba gani ina mgonjwa, mtoto gani ameacha shule kwa sababu baba ameenda kutafuta kazi mashambani kwa Wazungu, mjane gani hana wa kumlimia. Mtu hawezi kufanya kazi hiyo kwa miaka saba bila kuwa na ramani ya shida za watu kichwani. Naamini kwamba kanisa la Kivuli lilianzia hapo, kwenye njia za miguu kati ya shule na shule, kabla hajajua mwenyewe kwamba ataanzisha kanisa.

Mwaka wa 1932 ndio uliombadilisha. Nyakati zilikuwa ngumu. Bei za mazao zilikuwa zimeanguka dunia nzima, nzige walikuwa wamepita, na dhahabu ilikuwa imegunduliwa Kakamega mwaka uliotangulia. Wachimbaji wa Kizungu walimiminika kwenye mashamba ya watu, na serikali ikabadilisha sheria ya ardhi ili wachimbe hata ndani ya eneo lililokuwa limeahidiwa kuwa la wenyeji. Watu walijiuliza kesho watalala wapi. Sisi wa Mashimoni hatuhitaji kuelezwa sana swali hilo.

Ni katika mwezi wa Februari mwaka huo Kivuli alipojazwa Roho Mtakatifu kwa nguvu ambazo yeye na waliomjua walizihesabu kuwa mwanzo wa huduma yake. Alianza kuhubiri na kuwaombea wagonjwa, akizunguka magharibi yote ya Kenya. Keller alimruhusu. Jambo hilo lisipuuzwe, kwa sababu si wamishenari wengi wa zama zile waliompa Mwafrika ruhusa ya kuhubiri kwa namna yake na kuwaombea watu bila mzungu kusimama pembeni.

Tena ilikuwa hatari. Mwaka wa 1927, kule Kaimosi, watu wa misheni ya Marafiki walishukiwa na Roho. Badala ya kufurahiwa walitengwa, na hao ndio baadaye wakawa na makanisa yao wenyewe. Januari 1934 huko Musanda, mhubiri Alfayo Odongo Mango na baadhi ya wafuasi wake waliuawa na nyumba yake kuchomwa, katika ugomvi uliochanganya dini na ardhi. Kwa hiyo mtu aliyesikika akinena kwa lugha na kuongoza umati wa watu barabarani alitazamwa na chifu kwa jicho moja na polisi kwa jicho la pili. Kivuli alipita katikati ya hayo yote kwa busara. Alifanya mambo yake mchana kweupe, aliomba ruhusa palipohitaji ruhusa, na hakukatana na Keller kwa matusi. Wapo wanaodhani mtu wa Roho lazima awe mtu wa fujo. Huyu hakuwa hivyo.

Ilifika mahali chungu kimoja hakikutosha. Watu waliomfuata walikuwa wengi, na namna yao ya kuabudu haikuwa ya misheni. Mwaka wa 1942, katikati ya vita, vijana wakiwa wameandikwa jeshini na chakula kikiwa haba, kanisa la Israeli likaanza. Lilianza kwa baraka za Keller, na hilo nalo ni la kukumbukwa na kila mtu anayefikiri kwamba kanisa jipya lazima lizaliwe na ugomvi. Sisi Wapentekoste wa Nairobi tunajua jinsi tunavyogawanyika: viti vinabebwa usiku, na asubuhi kuna bango jipya hatua ishirini kutoka kwa lile la zamani. Nyang'ori haikuwa hivyo.

Kivuli aliitwa Kuhani Mkuu, na boma lake likapewa jina la Nineveh, yaani Ninawi, ule mji ambao Yona aliukimbia kwanza halafu akauhubiria, nao ukatubu kuanzia mfalme hadi mifugo. Jina hilo lilikuwa na kazi. Katika kanisa la Kivuli watu waliungama dhambi zao hadharani, mbele ya wenzao. Kwetu leo hilo linaweza kuonekana geni, na nakiri singependa kusimama Jumapili ijayo kusoma orodha yangu mbele ya sauti ya kwanza. Lakini fikirieni lilivyofanya kazi kijijini. Mtu aliyeungama kwamba amemnyima nduguye sehemu ya shamba, au kwamba anampiga mkewe, hakuweza kurudi nyumbani na kuendelea kana kwamba hakuna anayejua. Wote walijua. Ugomvi ambao ungeenda kwa chifu, au kwa mganga, ulitatuliwa chini ya mti kabla ya nyimbo kuanza.

Na watu walimiminika Nineveh. Walikuja wagonjwa kuombewa, walikuja waliofiwa, walikuja waliochoka na majirani zao. Baba zake walimwita Kivuli, na kwa Kiswahili chetu jina hilo halihitaji maelezo siku ya jua kali. Ukiongeza Daudi, mwimbaji, na Zakayo, yule mfupi aliyeshuka mtini akamkaribisha Bwana nyumbani kwake na kuwagawia maskini nusu ya mali, unapata majina matatu ambayo mhubiri yeyote angeyafanyia mahubiri ya wiki tatu. Sitayafanya hapa.

Sasa nyimbo. Misheni zilileta tenzi nzuri, ambazo hadi leo tunazipenda, lakini ziliimbwa kwa tuni za ng'ambo, watu wamesimama wima, na kinanda pale kilipopatikana. Ngoma iliachwa nje ya mlango, kwa kuwa wamishenari wengi waliiona kuwa ya mizimu na ya pombe. Kivuli aliiingiza ngoma. Kiongozi anatoa sauti, umati unaitikia, mwili mzima unaimba. Lakini jambo kubwa zaidi kuliko ngoma ni kwamba wimbo ulitoka nje. Waumini walipanga mstari wakatembea, na bendera, kengele na tarumbeta, kutoka boma hadi boma, hadi uwanja wa mkutano, kisha wakarudi. Ibada ya ndani ilikuwa sehemu tu ya siku. Kutembea kulikuwa sehemu ya ibada.

Wengi wetu tukiutazama mstari ule tunaona maonyesho. Hebu tuuangalie kama wanakwaya. Mstari unapopita kwenye vichochoro, kila mlango unasikia. Mgonjwa ambaye hajatoka kitandani siku tatu anajua kwamba ni Jumapili na kwamba watu wako karibu. Mgeni aliyefika juzi kutoka nyumbani, hajui mtu, anasikia wimbo kwa lugha ya mama yake na anafuata. Walio kwenye mstari nao wanaona: huyu leo hayupo, yule mlango wake umefungwa kwa kufuli, hapa kuna tanga na sisi hatukuambiwa. Kwaya iliyokaa ndani, hata iwe na sauti nne safi namna gani, haiwezi kuona hayo. Inawaona waliokuja tu.

Kanisa hilo lilikuwa na masharti. Pombe hapana, tumbaku hapana, nguruwe hapana, na samaki wasio na magamba hapana. Kwa watu wa ziwani, kumwacha kambare, ambaye wao humwita mumi, si jambo dogo. Ijumaa waliiheshimu kwa namna ya pekee kwa sababu ya mateso ya Bwana. Hatufuati masharti hayo yote na hapa si mahali pa kubishana nayo. Ila kuhusu pombe, anayeishi karibu na mahali panapopikwa chang'aa anaelewa. Kibarua aliyelipwa Jumamosi jioni na kufika nyumbani na mshahara wote mfukoni tayari amewasaidia watoto wake kuliko mchango wowote tunaoweza kumchangia.

Kutoka Nyang'ori kanisa lilisafiri na watu. Vijana wa magharibi walikwenda Kisumu, mashamba ya chai ya Kericho, na Nairobi, na walikokwenda walikwenda na ngoma. Nairobi ya mkoloni haikutaka Mwafrika awe na familia mjini. Ilitaka mkono wake wa kazi, ikamwekea kitanda, si nyumba, na kipande shingoni. Aliyeumwa au kufa alikuwa shida ya watu wa kwao, na watu wa kwao walikuwa zaidi ya maili mia mbili kutoka hapo. Ndipo watu wa kanisa moja wakawa watu wa kwao.

Hilo halikubadilika sana uhuru ulipokuja. Kibera, ambayo mwanzoni ilikuwa makao ya askari Wanubi waliotumikia jeshi la mkoloni, ilijaa wapangaji kutoka kila upande, na magharibi ndio tulio wengi. Kawangware nayo ikajaa vivyo hivyo. Mwenye nyumba hakujui ila mwisho wa mwezi. Mwajiri anakujua kwa siku unazofika. Anayekujua kwa jina la mama yako ni mtu wa kanisani.

Mwaka wa 1966 wasomi wawili, Mwingereza F. B. Welbourn na mwanahistoria wetu Bethwell Ogot, walichapisha kitabu kuhusu makanisa mawili ya magharibi ya Kenya yaliyojitegemea, moja likiwa hili la Kivuli. Jina walilokipa kitabu hicho linazungumzia mahali ambapo mtu hujisikia yuko kwao. Walikuwa wamesoma sana, wangeweza kuandika habari za siasa, au za ukoloni, au za mafundisho ya dini, na hayo yote yamo. Lakini jalada walilipa jambo hilo moja. Mzee Kivuli alikuwa hai wakati huo, na nadhani kama kuna sifa ambayo angeikubali bila kujitetea ni hiyo.

Wakati wa kuandika habari za mtu wa Mungu kuna kishawishi cha kumpaka rangi mpaka asionekane. Tusifanye hivyo. Cheo cha Kuhani Mkuu kilimpa mtu mmoja mamlaka makubwa, na uongozi ulibaki ndani ya nyumba yake: baada yake mke, baada ya mke mjukuu, ambaye mwaka wa 1991, akiwa amesoma theolojia, alikibadilisha cheo kuwa Askofu Mkuu. Kanisa letu huchagua viongozi wake, na mimi ni mmoja wa wanaopenda iendelee hivyo, hata kama uchaguzi wetu wa mwisho ulichukua saa sita na soda zote zikaisha. Lakini katika urithi huo kuna jambo ambalo makanisa mengi yaliyochagua viongozi wake hayakulifanya.

Mzee alipofariki mwaka wa 1974, aliyeshika usukani ni mkewe, Mama Rabecca Jumba Kivuli. Alizaliwa mwaka wa 1902, kwa hiyo alikuwa na miaka zaidi ya sabini. Aliliongoza kanisa hadi mwaka wa 1983 alipostaafu, akaishi miaka mitano zaidi. Fikirieni Kenya ya 1974. Kule Nineveh mama mzee alikuwa kiongozi wa kanisa lenye matawi kutoka ziwani hadi mji mkuu. Watu wa Israeli hawakuona ajabu. Wale waliotembea kwenye mstari miaka yote hiyo, wakibeba watoto mgongoni na wimbo mdomoni, walikuwa akina mama kwa wingi. Waliokwenda kumwosha mgonjwa na kukesha na maiti walikuwa wao. Mama Rabecca hakuletwa kutoka pembeni. Katika kwaya yetu yenye sauti nne, hesabuni wenyewe sauti mbili za juu ni akina nani, halafu hesabuni waliopo jikoni siku ya msiba.

Mwaka mmoja baada ya kifo cha Mzee, mwishoni mwa 1975, Baraza la Makanisa Ulimwenguni lilikutana Nairobi, katika jumba la KICC lililokuwa bado jipya. Ndio mwaka ambao kanisa la Israeli lilikubaliwa kuwa mwanachama, pamoja na makanisa ya zamani ya Ulaya na ya Mashariki, yenye mapadri wa ndevu ndefu na historia ya karne nyingi. Kanisa lililoanzia kwenye boma la mwalimu wa kutembea kwa miguu likakaa meza moja nao. Na Jumapili ya wiki hizo, kama Jumapili nyingine, wafuasi wake walikuwa wakipita kwenye tope la mitaa ya Nairobi wakipiga ngoma.

Turudi kwetu, maana msomaji atauliza hayo yanatuhusu nini sisi wenye suti za kwaya na spika mbili. Yanatuhusu kwa sababu mengi ambayo kanisa hili linafanya hapa Mashimoni hayakuamuliwa na kikao. Mtu akifa, kazi inajulikana: mwenye daftari anaandika majina, bakuli linazunguka, siku hizi namba ya M-Pesa inatumwa kwenye simu, kwaya inaimba kila jioni mahali pa tanga mpaka pesa za jeneza na za gari la kwenda nyumbani zitimie. Watu wanadhani nyimbo zile ni za kufariji tu. Zinafariji, lakini pia zinaita. Jirani ambaye hangekuja kwa barua anakuja kwa wimbo, na akija hawezi kukaa bila kutoa shilingi hamsini.

Julai 2018, wakati nyumba, shule na makanisa yalipobomolewa kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, watu walilala nje kwenye baridi wakiwa na magodoro yao. Waliosoma alama za X kwenye kuta walikuwa na siku chache za kujipanga. Mahali ambapo kanisa lilibaki limesimama, watu na vitu viliwekwa ndani. Pale ambapo kanisa lilibomoka, waumini waliimba juu ya mabati. Mwaka wa 2020, wakati wa korona na kafyu, mikusanyiko ilipokatazwa na vibarua vikaisha, ilibidi tujue mlango hadi mlango nani hajawasha jiko. Na ni nani aliyejua? Wale waliozoea kwenda. Viongozi wa sauti walikuwa na majina ya watu wao na walijua wanakoishi, hata kwenye nyumba zisizo na namba. Orodha ya unga ya kwanza ilinakiliwa kutoka kwenye daftari la mahudhurio ya mazoezi.

Kwa hiyo wale waliosema kwamba mazoezi yanaumia wana haki yao, na mwalimu wa kwaya ameomba niandike wazi kwamba Jumanne sasa itakuwa siku ya pili ya mazoezi ili Ijumaa ya matanga isituharibie wimbo. Hilo limepita. Kuhusu mapato ya sherehe hii, kwenye ukurasa wa nyuma mtaona mahitaji yaliyoandikwa: kinanda, vipaza sauti viwili, sare za watoto, na mfuko wa dharura wa msiba na ugonjwa. Kamati imeuweka mfuko huo juu ya kinanda. Haikuwa kura ya wote. Walioshindwa wanaimba leo pamoja na walioshinda, na baadhi yao wamekwisha kutoa bahasha zao.

Jambo la mwisho ni tangazo. Siku ya jubilei, kati ya saa nane na saa tisa mchana, huenda mstari wa watu wa Israeli ukapita mbele ya kanisa kama kawaida yao, na wakati huo sisi tutakuwa katikati ya nyimbo za wageni waalikwa. Vijana wa mitambo wameombwa wapunguze spika ngoma zikikaribia, na waliokaa karibu na mlango wausogeze wazi. Akina mama wa jikoni wametenga mtungi wa maji na vikombe pale nje kwa ajili yao.